Nilipokuhesabia kwa Tasbihi

Zuhura mwanangu,

Wewe uko Kisarawe kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki hapa Tangini na begi lako. Nimelifungua mara mbili kulikagua na mara mbili nimelifunga bila kuongeza kitu. Umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi, kwa hiyo sitakuandikia habari za sabuni, wala nguo za baridi ya Arusha, wala kula kwa wakati. Hayo unayajua. Nimechukua daftari lako la kidato cha nne lenye kurasa zilizobaki wazi, nimekaa mezani, na nitaandika mpaka utakaporudi magharibi. Barua nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Uisome kesho ukishapita Chalinze, ili usiweze kushuka ukarudi kugombana nami.

Nasema kugombana kwa sababu nimevunja ahadi yetu. Leo asubuhi, ulipokuwa kwa msusi, nilimpigia simu mwalimu wako mpya wa kuogelea huko Arusha nikamwambia habari za bega.

Sijasahau tulivyokubaliana. Ulinishika mkono pale jikoni ukasema, "Mama, wakijua hawatanichukua. Tafadhali." Nikakuitikia. Nimeishi na ahadi hiyo miezi miwili, na nimeshindwa kuifikisha kesho. Alichonijibu mwalimu nitakuandikia, usiruke kurasa kukitafuta. Kwanza nataka ujue bega lile liliumiaje, maana nadhani wewe unaamini uliliumiza mwenyewe.

Baba yako aliogelea tangu mtoto, kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe kule Kisarawe tulikotoka sote wawili. Walikuwa wanaogelea kichwa juu, mikono inapiga popote, mradi ufike ng'ambo. Alipopata kazi ya kutunza bwawa la chuo hapa Kibaha, akadhani ameajiriwa kwa kazi anayoijua. Siku ya kwanza alimwona mwalimu wa wanafunzi akivuka bwawa zima bila kurusha maji. Alirudi nyumbani hajala. "Mama Zuhura," akaniambia, wakati huo wewe bado hujazaliwa ila jina tulikuwa tumeshalichagua, "kumbe miaka yote nilikuwa napigana na maji." Miaka miwili alifagia majani kando ya bwawa huku macho yakiwa kwa yule mwalimu, na wakishaondoka anaingia yeye kujaribu. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kutazama na kurudia, na ndiyo sababu alikuwa na subira na wewe.

Ulikuwa na miaka sita alipokuingiza majini. Sijui kama unakumbuka siku za ngumi. Alikuambia ufunge vidole, uogelee na ngumi tupu, na ulikuwa huendi popote. Ulilia kwa hasira. "Baba, siendi!" Akakujibu, "Najua huendi. Tafuta njia." Ukajifunza kusukuma maji kwa mkono mzima, tangu kwenye kiwiko, kiwiko kikiwa juu. Baada ya wiki akakuruhusu kufungua vidole. Nilikuwepo siku hiyo, nilimletea chai. Uliondoka kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Ila ninachokikumbuka zaidi ni mgongo wake. Ulipokuwa mkubwa kidogo, unaogelea raundi nyingi, alikuwa anakupa mgongo. Anasafisha chujio, anapanga viti, wewe unakwenda na kurudi nyuma yake. Siku moja nikamuuliza, "Humwangalii mtoto?"

"Namsikiliza."

"Unamsikiliza nini majini?"

"Tulia usikie."

Nikatulia. Maji yalikuwa yanapita tu, kama kitambaa kinachokunjuliwa. Baada ya muda yakaanza kulia, pwaa, pwaa, kwa mbali. Baba yako akatupa brashi. "Sasa anapiga maji. Zuhura! Toka!"

Ukachomoa kichwa. "Baba, bado raundi sita!"

"Hizo sita zimeshaharibika. Toka ule."

"Sijachoka!"

"Mikono yako imeshaniambia. Toka."

Mimi nikamwambia anakudekeza. Nilisema hivyo hivyo, Zuhura, mbele yako, na wewe ukacheka ukiwa upande wangu. Akanieleza akiwa amechuchumaa, akinionyesha kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto akiwa mzima anavuka bwawa kwa mikono kumi na minane, yaani anavuta maji mara kumi na nane. Akianza kuchoka kiwiko kinashuka, kiganja kinateleza badala ya kushika maji, kichwa kinainuka kutafuta hewa, kiuno kinazama. Mikono inakuwa ishirini, ishirini na mbili, na safari ni ile ile. "Usimhesabie raundi," akasema. "Mhesabie mikono. Ikizidi miwili, punguza mwendo. Ikizidi minne, mtoe. Hapo hajifunzi tena kuogelea, anajifunza kukosea, na mwili hausahau ulichorudia."

Nilimsikia kama unavyosikia redio ukiwa unafua. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nawaza mashuka ya hosteli yaliyokuwa yananisubiri. Laiti ningejua kwamba ananikabidhi kazi.

Miaka mitatu sasa. Presha ilimwangusha kwenye chumba cha pampu asubuhi, na adhuhuri hatukuwa naye tena. Ndala zake zilibaki kwenye ukingo wa bwawa, pale alipozoea kuzivua. Zilikaa siku tatu. Watu wanapita kando, hakuna anayezigusa, mpaka nikaenda mimi mwenyewe kuzichukua. Moja ilikuwa imekatika kamba, ameifunga kwa waya wa shaba. Nilimwona akiifunga. Nilimwambia atanunua nyingine mwisho wa mwezi. Na kwenye mfuko wa shati wakanipa tasbihi yake, ile ya punje nyeusi.

Arobaini ilipopita, uliamka alfajiri ukachukua miwani yako ya kuogelea. Mimi nikachukua mtandio nikakufuata, kwa sababu mtoto haogelei peke yake, hilo nililijua. Nilipofika bwawani nikakumbuka kwamba mimi sijui kuogelea. Nikashika lile fito refu la wavu wa majani, nikasimama nalo ukingoni kama mlinzi. Ungezama, sijui ningelifanyia nini. Mama yangu, bibi yako, aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Wewe unayeogopa beseni! Leo ndiye kocha?"

Chuo kilikuwa na huruma, kilituachia bwawa lile kwa muda wa saa moja kabla ya wanafunzi. Kila alfajiri mimi na wewe na fito. Mtu aliyeshika kazi ya baba yako alikuwa anakuja mchana tu. Sikuwa na cha kukuambia, maana sikujua chochote. Nilichoweza kufanya ni kuhesabu. Nikawa napotea kwenye hesabu, macho yanahama, yanakwenda pale ukingoni zilipokuwa ndala. Ndipo nikaleta tasbihi. Kwenda, punje moja. Kurudi, punje moja. Tisini na tisa, ikizunguka, unatoka.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, siyo kwa kujitetea. Punje zile zilikuwa na mafuta ya vidole vyake. Nilipokuwa nazihesabu na wewe unapita majini, nilihisi tuko watatu. Na kwa kuwa ni tasbihi, sikuthubutu kuikatisha katikati. Niliona kama ni dhambi kuacha punje sitini zikiwa zimepita na nyingine zimebaki. Basi hata ukichoka, hata maji yakianza kulia, mimi nilikuwa natazama vidole vyangu. Zimebaki ishirini. Zimebaki kumi. "Maliza, mwanangu, maliza." Nikawa na furaha kila ilipozunguka. Mwaka uliofuata nikaongeza, tasbihi moja na theluthi. Halafu moja na nusu. Ulikuwa unatoka majini midomo imepauka unasema, "Mama, leo nimemaliza," na mimi nakufunika taulo najiona nimefanya kazi ya watu wawili.

Maji yalikuwa yanalia, Zuhura. Niliyasikia. Kuanzia punje ya sabini, kila siku. Nilijiambia ni nguvu imeongezeka.

Majirani nao walikuwa wanatuchokoza. Mama Happy akituona tunapita alfajiri anasema, "Mama Zuhura, huyo samaki utamuuza lini?" Nikawa najibu, "Huyu hauzwi, huyu anapelekwa mashindanoni." Nikajisikia. Nikaanza kuwatajia watu hesabu zako kama ninavyotaja mimi mashuka niliyofua. Hakuna aliyeniuliza unaogeleaje, na mimi sikuuliza.

Sasa hili ndilo sijawahi kukuambia. Wewe unadhani nilijua habari za bega siku ile uliyoshindwa. Nilijua wiki tatu kabla. Nilikuona asubuhi moja unajifunga mtandio kwa mkono mmoja, ule mwingine umeuegemeza ukutani. Nikasimama mlangoni. Hukuniona. Ukajaribu kuuinua, ukafika usawa wa sikio ukauma mdomo, ukaushusha taratibu kwa kuusaidia na mwenzake. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikakohoa ndipo nikaingia. Nikakuuliza, "Umeamkaje?" Ukasema, "Nimelalia mkono vibaya." Nikasema, "Pole, utaachia tu."

Mchujo wa mkoa ulikuwa karibu. Niliwaza kwamba ukisimama sasa hutachaguliwa, usipochaguliwa utaacha kuogelea, na ukiacha kuogelea mimi sitakuwa na sababu ya kwenda pale alfajiri. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua. Nilihitaji mahali pa kwenda. Kesho yake nikakuamsha kama kawaida, na tasbihi mkononi. Na kesho kutwa. Wiki tatu nilimwamsha mtoto mgonjwa nikamtia majini ili mimi nisibaki nyumbani peke yangu.

Siku uliyosimama ilikuwa punje ya sabini na moja. Uligeuka chali, ukaja ukingoni kwa miguu tu, mkono wa kulia umeuweka kifuani kama mtoto mchanga. Sikuweza kukuvuta. Nilikunyooshea fito. Ulitoka kwa mkono mmoja, ukakaa, na neno la kwanza ulilosema lilikuwa, "Samahani, mama."

Neno lile nimelibeba mpaka leo. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulikuwa unaniomba mimi radhi.

Yule kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini hakutukaripia. Alikuambia uogelee hewani mbele yake, ukaogelea. "Sasa fanya kama umechoka sana." Mkono wako ukabadilika wenyewe, kiwiko chini, kiganja kikavuka mbele ya kichwa kwenda upande wa pili, na shingo ikakakamaa. Akatikisa kichwa. "Mama, raundi za mwanzo hazikumfanya kitu. Ni hizi. Mara ngapi kwa siku alikuwa anaogelea hivi?" Wewe ukaniangalia, mimi nikaangalia sakafu. Ukajibu, "Siyo nyingi." Ulinisitiri hata pale.

Miezi minne bila maji. Likizo nikakupeleka kwa bibi yako, na mimi nikaomba ruhusa nikafuata. Nakumbuka tulivyofika, bibi kakaa barazani na ukindu wake, anasuka ukili wa mkeka. Akakuangalia mkono uliofungwa kitambaa.

"Mke mwenzangu! Mkono huo umenyang'anyana na nani?"

"Na mama," ukasema.

Mkacheka wote wawili. Mimi nilikwenda uani kutafuta maji ya kunawa, na nilikaa huko muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Siku za pale nilikuwa namsaidia bibi kusuka. Unajua mimi nilikulia kwenye ukili, nausuka hata nikiwa nazungumza. Jioni moja nikampa nilichosuka tangu asubuhi, kimeviringishwa vizuri. Akakunjua, akapitisha kidole gumba, akapitisha, akafika mahali akasimama. Akaanza kufumua.

"Mama! Nimekaa na huo kutwa nzima!"

"Ndiyo maana. Angalia hapa. Mpaka hapa ulikuwa unasuka. Kuanzia hapa umelegea, vidole vinakwenda vyenyewe, wewe uko kwingine. Nikiushona huu kwenye mkeka utaachia kabla ya mwaka."

"Si ungeniambia nipumzike."

"Mikono ya kwako, nikuambie mimi?"

Akaendelea kufumua. Nusu ya kazi yangu ikarudi kuwa majani. Wewe ulikuwa umelala chali kwenye jamvi unatazama. Nikamweleza bibi yako kila kitu, pale pale, mbele yako, isipokuwa zile wiki tatu. Nilimweleza tasbihi. Hakucheka safari hii. Alisema, "Mumeo alikuwa anamtajia Mungu kwayo. Wewe umeifanya bakora." Halafu akaniuliza kama nitakula mihogo.

Sikulala vizuri Kisarawe. Yalinijia maneno ya baba yako yote, moja moja, kama nguo zinazotolewa kwenye beseni. Mhesabie mikono. Ikizidi minne, mtoe. Nilikuwa na uwezo huo! Kuhesabu ndicho kitu pekee nilichojua kufanya pale bwawani, na baba yako alikuwa amenionyesha kitu cha kuhesabu, na mimi nikahesabu kingine.

Tuliporudi majini, tasbihi niliiacha kwenye mswala, mahali pake. Nilisimama mikono mitupu. Nikahesabu mikono yako. Ilikuwa kumi na tisa, halafu kumi na tisa, halafu ishirini, na kwenye raundi ya nane ikafika ishirini na tatu. Raundi ya nane tu, wewe uliyekuwa unafika mia na nusu yake. Nikasema, "Toka."

"Mama, ndiyo kwanza nimepasha mwili."

"Toka."

"Mama!"

"Ishirini na tatu, Zuhura. Toka."

Ulitoka umenuna. Hukunisemesha mpaka tulipopita sokoni. Sikuwahi kufanya jambo gumu kama lile neno moja. Kumwambia mtoto endelea ni rahisi, unajiona unampenda. Kesho yake zikawa raundi tisa. Mwezi wa pili zikawa ishirini za mikono kumi na minane, na maji yakarudi kunyamaza. Nilikupa mgongo siku hiyo nikafumba macho. Nilisikia ndege, nikasikia pampu, wewe sikukusikia. Nadhani ndiyo alfajiri nzuri kuliko zote tangu baba yako aondoke, na nilikuwa na hamu ya kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyo hayupo.

Mwalimu Eliwaza, huyu wako mpya, alipokuja kukutazama, hakuja na saa ya kubonyeza. Alitembea ukingoni sambamba na wewe, kwenda na kurudi, akisogeza midomo. Mimi nilijua anahesabu nini. Ulipotoka alisema, "Huyu nani kamfundisha?" Ukasema, "Baba." Nikafurahi kwamba hukunitaja.

Halafu ndiyo ile jikoni, na ahadi. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa na deni kwako, nikadhani kunyamaza kutalilipa. Lakini huko unakokwenda watakuwepo wasichana ishirini majini kwa wakati mmoja. Mazoezi yatakuwa mara mbili kwa siku. Hakuna atakayesimama kukuhesabia wewe peke yako, na wewe ni mtoto ambaye mkono ukikatika unaomba radhi. Nimeiona tabia hiyo. Umeichukua kwangu. Mimi pia nilinyamaza kila mahali, hata kwenye mazishi niliwauliza watu kama wamekula.

Kwa hiyo leo nikapiga. Mwalimu alipokea akidhani kuna tatizo la nauli.

"Mama Zuhura, pole na pilikapilika. Binti yuko tayari?"

"Yuko tayari. Mwalimu, ana bega."

"Bega gani?"

"La kulia. Alikaa miezi minne nje. Ilikuwa kabla hujamwona."

Nilisikia maji nyuma yake na mtu akipuliza filimbi. "Mlikusudia kuniambia lini?"

"Tulikusudia tusikuambie."

Akacheka, Zuhura, wallahi alicheka. "Basi umeniokoa. Angekuja kimya ningempa kazi ya wenzake. Wiki ya pili ningekuwa nakupigia mimi."

Nikakusanya nguvu. "Utamrudisha?"

"Nimrudishe wapi? Mabega mabovu ninayo sita hapa, lake la saba. Ila nakuambia ukweli, mashindano ya kwanza hataingia. Miezi mitatu ataogelea raundi fupi, taratibu, mkono mmoja mmoja, kama anayeanza. Wadogo kwake watampita kila siku."

"Atalia."

"Alie. Kwenye maji haionekani."

Basi ndiyo hivyo. Nimekukosesha mashindano uliyoyawekea alama ya kalamu nyekundu kwenye kalenda ya chumbani. Niliikuta alama hiyo baada ya kukata simu, nikakaa kitandani kwako. Ungeweza kwenda, ungeweza hata kushinda, bega lingeweza kuvumilia. Sijui. Nilichojua ni kwamba niliwahi kunyamaza wiki tatu ukiwa unaumia mbele ya macho yangu, na sikuweza kunyamaza tena ukiwa mbali ambako hata kukuona siwezi.

Kasirika. Una haki, na sitakupigia kukubembeleza. Ukipenda usinipigie mwezi mzima, nitampigia mwalimu niulize kama unakula. Na ukitaka kunikasirikia kwa zile wiki tatu, hizo ndizo zinazostahili zaidi, anza na hizo.

Nitakuwa sawa hapa. Siyo kweli, lakini nitajitahidi iwe kweli. Nimeshajaribu kupika wali wa mtu mmoja juzi ulipokuwa kwa shangazi, ukatosha watatu, nikampelekea Mama Happy. Mkono utajifunza. Alfajiri ndiyo naiogopa, saa ile ya kukugongea mlango. Nitaswali, halafu nadhani nitakaa. Wewe usiogelee kwa ajili ya hiyo. Hiyo ni alfajiri yangu. Nilikutwika mara moja, yatosha.

Nina ombi moja. Itakuja siku huko, siku ya mazoezi mazito, utakapohisi mkono umeanza kuteleza. Kiwiko kitakuwa kinashuka, utakuwa umehesabu mikono ishirini na mbili, na wenzako wote watakuwa bado wanakwenda. Utaona aibu. Utasema nimalizie tu hizi nne. Siku hiyo toka. Shika ukingo, toka, umwambie mwalimu, ukae pale ukitetemeka na taulo lako, na kila mtu akuone umekaa.

Jioni yake nipigie. Usisubiri medali ndipo unipigie, hizo nitazisikia kwa watu. Nipigie siku uliyotoka, uniambie ilifika mikono mingapi. Sitasema mengi, unajua nilivyo kwenye simu. Lakini usiku huo nitalala.

Mama yako
Tangini, Kibaha